Virusi Kumi na Vinne

Mkaguzi alistaafu kazi, lakini kazi haikumwacha. Maisha yake yote ya utumishi alikuwa afisa wa mizani. Akikanyaga sokoni, wauza nyama walianza ghafla kupangusa mizani yao, na wauza unga wakakumbuka kwamba wana mgonjwa nyumbani. Mizani iliyopinda aliijua kwa kuitazama tu, kama mama anavyomjua mwanawe mwenye homa kabla hajamgusa paji la uso. Sasa masoko yalikaguliwa na wengine, na yeye alibaki na macho yake makali bila pa kuyapeleka. Basi akawa anakagua alichokikuta. Alikagua bawaba za mlango wa jirani, akakagua pindo za suruali za wajukuu, akamwambia fundi bomba kwamba bomba lake limelala upande kwa unene wa kucha. Na kila Jumanne, baada ya chakula cha mchana, alikuja kukagua kompyuta ya shemeji yake.

Shemeji mwenyewe, mke wa mdogo wake, mtaa mzima ulimwita Mama Kadi. Kadi za harusi, za mahafali, za kumuaga mkubwa wa kazi ambaye kila mtu anafurahi kwamba anaondoka, zote zilitoka sebuleni kwake, kwenye meza iliyobanwa kati ya kabati la vyombo na dirisha. Boksi jeusi la kompyuta lilikaa chini ya meza likinguruma kama paka aliyeshiba. Juu yake skrini, pembeni printa. Hilo ndilo lilikuwa jembe lake, na mwenye jembe hapendi kulikuta mikononi mwa mtu mwingine.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Aliondoka alfajiri, akarudi mchana na unga hadi kwenye nyusi, akaoga, akala, akalala mpaka jioni. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa: mchana watu wananong'ona. Ukitaka kucheka, chekea kwenye mto wa kiti. Ukitaka kugombana, gombana kwa pumzi.

"Shemeji," Mkaguzi alinong'ona Jumanne ya kwanza, ameinamisha sikio chini ya meza, "mashine yako inahema."

"Haihemi, Shemeji. Hiyo ni feni."

"Feni ya nini? Ina joto?"

"Kidogo."

"Basi inaumwa." Akavuta kiti, akakunja mikono ya shati.

Siku hiyo aliweka antivairasi tatu. Fahali wawili hawakai zizi moja. Yeye aliwafungia watatu, na kila mmoja akamwona mwenzake ndiye mwizi. Kuanzia hapo ukiiwasha kompyuta, unaweza kwenda kuchota maji, kuoga na kusengenya kidogo, ukarudi ukakuta bado inawaza. Jumanne iliyofuata aligusa mipangilio ya kibodi, "kuiweka kwa viwango vya kimataifa," na ukibonyeza Z ikawa inatoka Y. Kadi ya mstaafu mmoja nusura itoke imeandikwa *Hongera Myee Wetu*.

Jumanne ya tatu ndiyo iliyovunja chungu.

"Nimekuta aina za herufi zaidi ya mia tatu," Mkaguzi aliripoti, ameridhika kama mtu aliyetoka kuua nyoka. "Mtu mwenye akili timamu anaandika kwa aina moja. Zingine nimekuondolea. Ni mzigo."

Mama Kadi alitazama skrini. Herufi zake za maringo, zile zenye mikia mirefu za majina ya maharusi, herufi nene za mahafali, zote zimekwenda na maji. Akaingia jikoni, akajiziba mdomo kwa taulo la vyombo, akapiga yowe ambalo halikusikika hata na sufuria.

Jioni alimweleza mumewe. Mumewe alisikiliza huku anatafuta soksi.

"Ni kaka yangu," alisema. "Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli."

"Basi mpe baiskeli akakague."

"Mke wangu, mstahi tu. Mtu aliyezoea kazi akikosa kazi ananyauka. Huoni anavyotembea mikono nyuma? Mtafutie cha kufanya."

Mama Kadi alikunja taulo la vyombo. Kisha akatabasamu, na mumewe, ambaye alimjua kwa miaka mingi, angetakiwa kuliogopa tabasamu lile. Lakini alikuwa amekwisha kuiona soksi.

"Sawa," alisema Mama Kadi. "Atapata cha kufanya."

Hakusomea kompyuta, ila alikuwa ameishi nayo kama mtu anavyoishi na ng'ombe mkaidi, akajua inapigia wapi teke. Aliweka mambo sawa moja baada ya jingine. Herufi zilirudi kutoka kwenye nakala ya akiba, kwenye kifaa kidogo alichokificha ndani ya boksi la nyuzi. Antivairasi mbili zilifungashwa virago, ikabaki moja. Z ikarudi kwao. Kisha akagawa nyumba. Akaunti yake mwenyewe akaipa mamlaka yote na paswedi iliyokuwa sentensi nzima ya kumsema jirani mmoja, yenye herufi kubwa, namba na alama ya mshangao. Hata ukimtoa kucha asingeitamka mbele ya watu.

Akaunti ya pili aliipa jina MKAGUZI MKUU. Akaiwekea picha ya mizani ya dhahabu na muziki mfupi wa tarumbeta wa kumkaribisha mgeni. Ilipendeza kuliko yake mwenyewe. Ila ndani yake mtu hakuweza kufuta hata sindano. Angeweza kupiga hesabu, kucheza karata, na kutazama picha ya mlima. Na katikati ya skrini, kikubwa kama kitasa cha mlango, kulikuwa na kitufe chekundu: USAFI WA KINA.

Kitufe kile kilifungua slaidi, basi. Slaidi kama zile anazotengenezea watu wa mahafali, zikijiendesha zenyewe. Kwanza giza, kisha maandishi ya kijani: *Inachunguza kona za ndani... Inafagia chini ya vitanda... Inatikisa mazulia...* Hapo kwenye mazulia alisita, akaona amezidisha chumvi. Akaiacha hivyo hivyo. Utundu usio na chumvi ni kazi tu kama kazi nyingine. Mstari ulijaa polepole kutoka sifuri mpaka mia. Halafu kwa rangi nyekundu: *VIRUSI 14 VIMEKAMATWA*. Na mwisho fataki, na shukrani: *Ahsante, Mkaguzi Mkuu. Mashine iko salama mikononi mwako.*

Jumanne ilipofika, Mkaguzi aliketi, tarumbeta ikalia kwa sauti ya chini, na mgongo wake ukanyooka wenyewe.

"Nimekufungulia ofisi, Shemeji," alinong'ona Mama Kadi. "Siyo vizuri mtu wa cheo chako kuingilia mlango wa kila mtu."

"Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo."

Akabonyeza. Akatazama mstari ukijaa, mikono magotini, midomo ikisoma pamoja nao. Nyekundu ilipotokea alishika kifua.

"Kumi na vinne! Shemeji, ulikuwa unaishi na kumi na vinne ndani ya nyumba!"

"Ningejuaje, Shemeji?"

"Ndiyo maana nipo."

Mama Kadi akaenda jikoni, akalitafuta tena lile taulo.

Raha iliyofuata haikuwa ndogo. Kila Jumanne mzee alikuja amenyoa ndevu, akakamata kumi na vinne vyake, akanywa chai, akamsubiri mdogo wake aamke ampe taarifa. "Leo tena kumi na vinne," alimwambia. Mdogo wake alipiga mwayo, akauliza virusi hivyo vinatoka wapi kila wiki.

"Vinazaliana," Mkaguzi alijibu, na akamtazama shemeji yake kwa jicho lililotulia sana. Mama Kadi alidhani ni fahari.

Tena mzee akawa na adabu mpya. Siku hizi akishamaliza usafi alitoa leso mfukoni, akaipangusa skrini taratibu, juu, chini, kisha kingo zake, kidole kwa kidole, kama mtu anayemnawisha mtoto masikio. Mama Kadi alimwona kutoka jikoni, moyo ukamlainika. Akajilaumu hata kidogo. Mtu mwema hivi, akamfanyia vile.

Ni katika majuma hayo ndipo alipoanza kuona vibaya.

Mwanzo alidhani ni usingizi. Skrini ilikuwa kama imefunikwa na moshi mwembamba. Akaongeza mwanga wa chumba, akafungua pazia lote. Wiki iliyofuata moshi ukawa na rangi, kitu kama maji ya majani makavu. Uso wa bibi harusi kwenye picha ulionekana kama wa mtu aliyetoka kuugua ini. Mama Kadi alifikicha macho, akaosha uso, akakumbuka kwamba mama yake naye alianza kuvaa miwani kwenye umri kama huo. Akapata uchungu mdogo wa faragha, ule wa mtu anayeona uzee umepiga hodi na hana namna ya kuuambia kwamba mwenyewe hayupo.

Akaenda kwa daktari wa macho. Alisoma herufi zote ukutani, mpaka jina la kiwanda lililochapwa chini kabisa kwa maandishi ya mchwa.

"Mama, macho haya yanaweza kuona dhambi za mtu," daktari alisema. "Ila kama yanachoka, nikupe miwani ya kuyapumzisha."

Akarudi na miwani yenye fremu ya zambarau. Mkaguzi alipoiona Jumanne ile alifungua mdomo, akaufunga, akanywa chai yake hadi chini bila kuuliza sukari iko wapi. Siku ile hakuipangusa skrini.

Lakini uharibifu ulikuwa umekwisha kukaa. Kwa kuwa hata miwani haikusaidia, Mama Kadi alinunua taa ya mezani yenye mwanga wa njano mzito, akaiegemeza karibu na printa. Na ndipo ilipokuja kazi ya Shangazi.

Shangazi huyo alikuwa shangazi wa bibi harusi mmoja, mwanamke wa mwili na wa sauti, ambaye kwao hakuna shughuli iliyoanza kabla hajasema ianze. Alitaka kadi za rangi ya maziwa, na majani ya kijani pembeni. Aliketi pale pale mbele ya skrini, akaangalia, akasema njano imezidi. Mama Kadi naye aliona imezidi. Akaipunguza, akaongeza buluu kidogo. Bado ina njano. Akaongeza tena. Mpaka Shangazi akapiga goti lake: "Hapo! Maziwa matupu." Kadi zikachapwa jioni chini ya ile taa, zikaonekana maziwa kweli, zikafungwa kwenye boksi na kwenda.

Jumanne mchana, Mkaguzi akiwa katikati ya usafi wake, mlango uligongwa kwa namna ambayo milango haipendi. Shangazi aliingia na boksi kwapani na kifua kilichojaa maneno aliyoyapanga njia nzima. Mama Kadi akaweka kidole mdomoni.

"Baba mwenye nyumba amelala, Shangazi. Nakuomba."

Shangazi alibaki na mdomo wazi. Alikuja kupayuka, na sasa ameambiwa anong'one. Lakini alikuwa mtu wa adabu, na matusi yakinong'onwa huuma zaidi, kwa sababu lazima uyasogelee ili uyasikie.

"Niliagiza rangi gani?" alipumua, mishipa ya shingo imesimama.

"Ya maziwa."

"Maziwa ya mnyama gani haya?"

Akafungua boksi karibu na dirisha. Mama Kadi alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Kadi zilikuwa za buluu iliyopauka, kama shati jeupe lililosahauliwa kwenye beseni. Majani ya kijani yamekuwa na baridi ya majani ya kwenye jokofu.

"Mimi naozesha," alinong'ona Shangazi. "Hizi ni kadi za kumtembelea mgonjwa."

"Haiwezekani. Uliiona mwenyewe, Shangazi, kwenye skrini. Ngoja nikuonyeshe. Shemeji, samahani, nipishe kidogo."

"Bado inatikisa mazulia," alisema Mkaguzi bila kugeuka.

"Itaendelea baadaye. Nipishe."

Mkaguzi alisogea, si mbali. Mama Kadi akaingia kwenye akaunti yake, vidole vikiipita ile sentensi ya jirani mbio mbio, akaifungua kadi. Ikatokea ya rangi ya maziwa, tamu, ya kunyweka.

"Umeona?"

Shangazi alikunja uso. "Nitumie kwenye simu."

Ikatumwa. Simu ikatetemeka. Shangazi akaifungua, akaiweka kando ya boksi: simu buluu, kadi buluu. Wanawake wawili wakaziinamia.

"Simu yangu na karatasi zinasema lugha moja," alisema Shangazi. "Mashahidi wawili. Ni skrini yenu tu inayosema yake."

Mama Kadi aliiweka kadi chini. Akainua kichwa. Na mbele ya macho yake yasiyo na ugonjwa wowote, skrini ikaanza kupambazuka. Njano ilikuwa inatoka. Ilijikokota kama maji machafu yanayoshuka kwenye sinki, weupe ukaja nyuma yake, na kadi ya maziwa ikageuka buluu pale pale huku anaitazama. Chini ya ukingo wa skrini, nusu imefichwa na leso, kulikuwa na kidole gumba cha Mkaguzi, kinabonyeza, kinabonyeza, kwa haraka ya mtu anayetaka kuwahi kitu ambacho kimekwisha kumpita.

"Shemeji," alisema Mama Kadi.

"Naipangusa tu."

"Kwa kidole gumba?"

Mkaguzi alitoa mkono. Chini ya ukingo kulikuwa na vitufe vinne vidogo vya skrini, vya mwanga na vya rangi, ambavyo Mama Kadi hakuwahi kuvigusa tangu siku ilipotolewa kwenye katoni. Havikuwa na akaunti wala paswedi. Alikuwa amefunga milango yote kwa makufuli, akaliacha dirisha.

"Tangu lini?" alinong'ona.

Mzee aliikunja leso yake, akaikunja tena ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. "Jumanne ya kwanza nilifurahi, sikatai. Ya pili nikakamata kumi na vinne tena, nikasema ni bahati. Ya tatu kumi na vinne. Shemeji, mizani inayosoma namba ile ile kila siku, mizani hiyo imekufa. Nimewapeleka watu mahakamani kwa hilo. Na mazulia je? Kompyuta ina mazulia?"

Shangazi alivuta kiti, akaketi. Hakuelewa bado, lakini alijua harufu ya ugomvi mzuri wa kifamilia, na hakuwa mtu wa kuupita.

"Kwa hiyo ukaamua kunipunja mwanga."

"Kidogo kidogo," alikiri Mkaguzi, na japo alikuwa ameinamisha kichwa, kulikuwa na ustadi uliotaka kutambuliwa katika sauti yake. "Nimekaa na wapunjaji maisha yangu yote. Ukimpunja mtu robo kwa mkupuo, anapiga kelele soko zima lijae. Ukimpunja unywele mmoja kila wiki, anadhani kapu limekuwa jepesi kwa sababu mkono wake umepata nguvu."

"Nimevaa miwani, Shemeji! Nimeenda kwa daktari! Nimekaa hapa nikiwaza nimezeeka!"

Hilo lilimpata. Bega lake moja lilishuka. "Ya miwani sikuyategemea. Siku ulipokuja nayo nilitaka kukwambia. Nikaacha kupunguza, uliza moyo wako. Ila nikashindwa pa kuanzia. Halafu, mh, ilikupendeza."

"Inampendeza kweli," alinong'ona Shangazi.

Mama Kadi alitaka kukasirika. Alikuwa na haki yote, tena ya kujaza ndoo. Lakini kila alipoisogelea hasira aliliona lile gumba linavyohangaika chini ya leso, na kicheko kikampanda kooni kama maziwa yanayofurika. Akaukaza mdomo.

"Ulinipa kitu cha kuchezea," alisema Mkaguzi, sasa bila ujanja wowote. "Kama mtoto anayepewa funguo za zamani ili aache kulia. Hilo liliniuma, Shemeji."

"Ulifuta herufi zangu mia tatu. Ningefanya nini? Nikwambie usije?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, usingekuja?"

Mkaguzi alifikiri kwa uaminifu. "Ningekuja."

Hapo Shangazi ndiye aliyeshindwa. Alianza kucheka bila sauti, mwili mzima ukitikisika, kiti kikilia kii, kii, kii chini yake. Mama Kadi akauzika uso kwenye mto wa kochi. Hata Mkaguzi aligeukia kabati la vyombo, mabega yakaruka. Kutoka chumbani mlalaji aligeuka kitandani, kitanda kikalalamika, na wote watatu wakanyamaza kama wezi.

Shangazi akajifuta macho. "Nimecheka. Sasa kadi zangu ziko wapi?"

Ikabidi kazi ianze upya, hapo hapo. Mama Kadi aliirudisha skrini kwenye mipangilio iliyotoka nayo kiwandani, akaizima ile taa ya njano na kuisukuma nyuma ya kabati. Akatoa kadi za zamani, zile ambazo wateja walizisifu, wakazishika moja moja kando ya skrini kwenye mwanga wa dirisha. Yeye aliijua programu. Ila jicho, alikubali, lilikuwa la shemeji yake. "Punguza buluu," alisema Mkaguzi, amefumba jicho moja. "Bado. Tena. Umepitiliza, rudi unywele. Hapo. Usipumue." Ya kwanza ikatoka kwenye printa, ikapelekwa dirishani, Shangazi akaigeuza huku na huku, akaitikia kwa kichwa kama hakimu.

Zikachapwa. Mama Kadi akakata, Mkaguzi akakunja, kila mkunjo akiupima kwa rula kisha kwa ukucha. Iliyokwenda kombo aliitupa kando bila huruma. Shangazi, ambaye alisema anakaa dakika mbili tu aone zinavyotoka, alijikuta sakafuni amevua viatu, anaingiza kadi kwenye bahasha.

"Hii umeikataa kwa nini?" aliuliza, ameinyanyua moja iliyotupwa.

"Imepinda."

"Wapi?"

"Ukiuliza wapi, hutaiona nikikuonyesha."

"Baba, hii ni kadi, siyo kilo ya nyama. Nipe."

"Mama, weka chini kadi ya serikali."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mwoka mikate alisimama na alama ya mto shavuni. Akamwona kaka yake mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, akamwona mwanamke asiyemjua ameketi kwenye zulia lake bila viatu, akamwona mkewe hana miwani.

"Kuna nini hapa?"

"Usafi," walijibu wote watatu kwa pamoja.

Akawatazama. Akaenda jikoni kuweka maji ya chai kwa watu wanne, kwa sababu mtu anayefanya kazi na hamira hujifunza mapema kwamba vitu vingine vikiumuka huachwa.

Tangu siku hiyo utaratibu ulibadilika. Mama Kadi alimfungulia shemeji yake boksi lenyewe, kwa bisibisi, wakiwa wamechomoa waya ukutani. Ndani walikuta vumbi limejikunja kwenye feni kama kiota cha panya. "Nilikwambia inahema!" alinong'ona Mkaguzi, na safari hii Mama Kadi alikubali. Mzee akalitoa kwa brashi laini, chembe kwa chembe, na mngurumo ukapungua. Kazi hiyo ikawa yake, pamoja na ya kuhakikisha nakala ya akiba imeingia na inafunguka. Alilalamika kwamba usafi wa kweli unachosha na hauna fataki. Lakini aliufanya, na akiona jambo ambalo halijui aliuliza kabla ya kugusa, mara nyingi.

Harusi ikapita. Jumanne iliyofuata Shangazi alirudi, safari hii akinong'ona tangu barazani. Akaketi, akaomba maji, akaeleza yaliyotokea.

Bibi harusi alikuwa amechota kiganja kimoja cha kadi za buluu kabla boksi halijarudishwa, akawagawia wenzake wa kazini. Hakusema kitu, kwa kuwa hakuona tatizo. Basi mlangoni mwa ukumbi watu wakaanza kulinganisha. Wengi wana kadi za maziwa, wachache wana za buluu, na binadamu akiona ana kitu ambacho wengine hawana, hahitaji kuelezwa maana yake. Wenye buluu walikwenda moja kwa moja mstari wa mbele, wakakaa. Baba mkubwa wa bwana harusi akakuta kiti chake kimekaliwa na karani mmoja aliyekunja nne, anajipepea kwa kadi ya buluu. Akauliza kwa nini yeye, damu ya damu, amepewa kadi ya watu wa kawaida. Ikabidi Shangazi aingilie kati, mbele ya wageni wote, na kwa sauti yake halisi.

"Ulimwambiaje?" aliuliza Mama Kadi.

"Nilimwambia za buluu ni za watu watakaobaki kuosha vyombo. Kiti kilikuwa wazi kabla sijamaliza."

Mkaguzi alicheka hadi akamwaga chai kwenye sahani.

"Sasa sikilizeni," Shangazi aliendelea, akifungua pochi. "Kuna wawili wanaozesha mwezi ujao, wameiona hiyo buluu, hawataki nyingine. Buluu ile ile. Nimewaahidi."

Mama Kadi akageukia kompyuta. Boksi la kadi za buluu lilikwisha kutupwa, ile ya kwenye simu Shangazi aliifuta kwa hasira, faili la zamani lilifutika Mama Kadi alipohifadhi rangi mpya juu yake, na kifaa cha akiba kilibeba hiyo hiyo mpya. Akaanza kuitafuta kwa mkono. Ikatoka ya anga. Ikatoka ya sare za wanafunzi. Ikatoka moja ya zambarau ambayo Shangazi alisema ni ya mtu aliyepigwa. Mkaguzi alivuta kiti, akafumba jicho moja.

"Ongeza unywele," alinong'ona. "Siyo hiyo. Rudi."

Chumbani mwoka mikate alikoroma. Chai ikapoa. Walikuwa bado hawajaipata jua lilipohama dirishani, na Shangazi alikuwa ameshavua viatu.